Ukimya wa Shule za Binafsi ni Ngao ya Wahalifu

Msafiri atokaye Sakina kwenda Usa River kwa barabara kuu ya Moshi hupita mabango mengi ya shule za binafsi, za chekechea, za msingi, za sekondari, na zile zinazojiita za kimataifa. Mabango hayo hutangaza ufaulu wa mitihani, mabweni safi na mabasi ya kuwachukua watoto majumbani. Ni vigumu kuliona bango linalomwambia mzazi jambo ambalo angepaswa kulijua kabla ya mengine yote, yaani siku mtoto wake atakapodhuriwa ndani ya ukuta ule, Polisi watapewa taarifa saa ngapi, na nani mwenye wajibu wa kuitoa.

Jambo hili si dogo. Jiji la Arusha na vitongoji vya Mlima Meru vimekuwa makao ya watoto wa watu wa mbali. Wapo watoto wa wafugaji wa Longido, Ngorongoro na Simanjiro, wapo wa watumishi wa Dar es Salaam na Dodoma, na wapo wa nchi jirani. Mzazi aliye mbali hana macho mengine zaidi ya macho ya shule. Amempeleka mtoto wake kama mtu apelekaye amana. Ikiwa mwenye kutunza amana ndiye pia mwenye hiari ya kusema au kutosema kwamba amana imeharibika, basi mtoto huyo hana ulinzi wowote.

Kila mtumishi wa elimu anaujua utaratibu unaoitwa "kumalizana". Mtoto humweleza mlezi wa bweni kwamba mwalimu fulani, au dereva, au mlinzi, amemfanyia jambo baya. Mlezi humweleza mkuu wa shule. Mkuu wa shule, badala ya kwenda kituoni, humpigia simu mwenye shule. Mwenye shule huitisha kikao cha siri. Mtuhumiwa huambiwa aandike barua ya kuacha kazi kwa hiari yake, mzazi huitwa akaombwa radhi na kusamehewa ada ya muhula, na mtoto huhamishwa bweni au shule. Kikao hufungwa kwa sala, na wote huambiwa kwamba jina la shule limeokolewa. Wiki chache baadaye mtuhumiwa yuleyule anafundisha katika wilaya ya jirani, akiwa na barua nzuri ya utambulisho mkononi. Uhalifu haukukomeshwa, umehamishiwa kwa watoto wengine ambao wazazi wao hawana habari.

Wako wanaotetea mtindo huu kwa kusema kwamba sheria haijawaagiza wenye shule za binafsi kuripoti. Hiyo si kweli. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, katika kifungu chake cha 7, inamtaka kila mtu anayefahamu kutendeka kwa kosa linaloadhibiwa na Kanuni ya Adhabu, au kusudio la mtu kulitenda, atoe taarifa mara moja kwa afisa wa Polisi au kwa mwenye mamlaka wa mahali pale, ambaye naye ataifikisha kwa mkuu wa kituo kilicho karibu. Sheria hiyo haikusema "kila mtu isipokuwa mwenye shule". Tena inamkinga mtoa taarifa asishtakiwe kwa madhara yanayotokana na taarifa aliyoitoa kwa kutimiza wajibu huo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inamtwisha kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali ya mtaa anapojua kwamba haki za mtoto zinavunjwa. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka wazi kwamba msichana wa chini ya miaka 18 hana ridhaa ya kujadiliwa katika kikao cha mtu yeyote, na kwamba adhabu ya kumbaka ni kifungo kisichopungua miaka 30. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka adhabu ya miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi, na yakamwagiza kila mkuu wa shule kutunza kumbukumbu za mimba na ndoa za wanafunzi na kuzipeleka kwa Kamishna wa Elimu kila robo mwaka, pamoja na hatua za kisheria zilizochukuliwa. Neno lililotumika ni kila mkuu wa shule.

Kwa hiyo wajibu upo. Kinachokosekana ni utaratibu unaomfanya mwenye shule ashindwe kuukwepa, pamoja na watumishi wa umma walio tayari kuusimamia.

Wanaopenda vikao vya ndani husema kwamba shule inapaswa kwanza "kujiridhisha". Maneno hayo yanasikika ya busara, lakini matokeo yake ni mabaya. Mtoto aliyenajisiwa anahitaji kufikishwa hospitali mapema iwezekanavyo. Dawa za kuzuia maambukizo ya virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanza kabla ya saa 72 kupita. Ushahidi wa mwilini na wa nguoni hupotea kwa kuoga, kufua na kusubiri. Shule inayojiridhisha kwa siku 4 inakuwa imefuta ushahidi na kumnyima mtoto dawa, hata kama nia yake ilikuwa njema. Mwalimu hakufunzwa kazi ya upelelezi, na mwenye shule ana maslahi yake katika matokeo ya upelelezi huo. Hakimu hawezi kuwa mmoja wa wenye kesi.

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya kila 10, na mvulana 1 kati ya kila 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Makundi hayo ya watoto hayakutoka nchi nyingine. Yamo katika madarasa yetu, ya umma na ya binafsi. Shule inayojisifu kwamba katika miaka 10 haijapata tukio hata moja la kuripoti inapaswa kuulizwa kama imebarikiwa kuliko taifa zima, au imezoea tu kutoandika.

Katika mkoa wa Arusha liko jambo jingine la kipekee. Takwimu za utafiti wa afya wa mwaka 2015-16 zilionyesha kwamba asilimia 41 ya wanawake wa mkoa huu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati ukeketaji wa msichana wa chini ya miaka 18 umekuwa kosa la jinai tangu mwaka 1998. Likizo ya Desemba ndiyo hatari kubwa. Mlezi wa bweni humsikia msichana akinong'ona kwamba anaogopa kurudi nyumbani. Januari mwalimu wa darasa huona dawati tupu, au humwona msichana aliyerudi amebadilika. Shule ya bweni ndiyo inayojua mapema kuliko Polisi, kuliko Afisa Ustawi wa Jamii, kuliko hospitali. Sheria inazungumzia hata kusudio la kutenda kosa. Mnong'ono ule wa Novemba ni taarifa inayotakiwa kituoni Novemba hiyohiyo. Ikipelekwa Februari haimsaidii mtoto.

Mambo yaliyotokea katika mkoa jirani wa Kilimanjaro yangetosha kuwa funzo. Novemba 2017 mwanafunzi wa kidato cha pili katika shule moja ya binafsi huko Himo alipoteza maisha. Mwili wake uliokotwa mtoni ukazikwa kama mwili wa mtu asiyejulikana, kisha ikabidi ufukuliwe ili mtoto huyo atambuliwe. Mlinzi, mwenye shule na mwalimu walifikishwa mahakamani. Suala la nani alikuwa na hatia gani ni la mahakama. Linalowahusu watumishi wote wa elimu ni kwamba iliwezekana, katika nchi yenye vituo vya Polisi, wenyeviti wa vijiji na maafisa elimu kata, mtoto wa shule ya bweni akazikwa bila jina umbali mfupi kutoka kitanda chake. Pale ambapo taarifa ya mwanafunzi asiyeonekana hufika kituoni usiku uleule, pamoja na jina, umri, picha na mavazi yake, jambo la namna hiyo haliwezi kutokea.

Kenya nako kuna somo. Septemba 2024 bweni la shule ya msingi ya binafsi ya Hillside Endarasha huko Nyeri liliungua na wavulana 21 wakafa. Siku iliyofuata viongozi walitangaza kwamba watoto 70 hawajulikani walipo. Wengi wao walikuwa wamechukuliwa na wazazi au wamekimbilia kwa majirani, lakini kwa saa nyingi wazazi hawakujua kama mtoto wao yu hai au ni majivu. Orodha ya waliolala bwenini ni karatasi moja tu. Inapokuwa kituoni pia, husaidia kuokoa watu na kutuliza wazazi. Inapokuwa ofisini mwa shule peke yake, huungua pamoja na ofisi.

Wakazi wa Arusha wenyewe hawahitaji mifano ya mbali. Tarehe 6 Mei 2017 basi la shule ya Lucky Vincent lilitumbukia bondeni huko Rhotia, wilayani Karatu, wakafa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Maswali juu ya leseni ya usafirishaji na idadi ya abiria yaliulizwa mahakamani baada ya mazishi. Aprili 2024 gari la shule lilisombwa na mafuriko jijini Arusha na watoto wakapoteza maisha tena. Kama kila shule ingewajibika kukipa kikosi cha usalama barabarani orodha ya magari yake, majina ya madereva wake, njia wanazopita na idadi ya watoto wanaobebwa, maswali hayo yangeulizwa kabla ya watoto kupanda gari. Polisi hawezi kulikagua basi asilojua kwamba lipo.

Iko tofauti moja ambayo watumishi wa umma wanaifahamu vizuri. Mwalimu wa shule ya Serikali ana jalada katika Tume ya Utumishi wa Walimu. Akikosa nidhamu, kosa lake huandikwa, na jalada humfuata popote aendako. Mwalimu wa shule ya binafsi anafuatwa na barua tu, na barua hiyo huandikwa na mtu anayetaka aondoke upesi bila kelele. Ndiyo maana Bunge lilipitisha Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu mwaka 2018, ili mwalimu wa umma na wa binafsi wasajiliwe na kupewa leseni na chombo kimoja. Lakini Bodi haiwezi kumfutia leseni mtu ambaye kosa lake lilizikwa katika kikao cha siri. Usajili bila taarifa ni daftari la majina tu.

Uingereza, ambayo baadhi ya shule zetu hujivunia kufuata mitaala yake, ilijifunza jambo hili kwa machungu. Mwaka 2002 wasichana wawili wa miaka 10 waliuawa katika mji wa Soham na mtu aliyekuwa msimamizi wa majengo katika shule ya sekondari ya mji huo. Uchunguzi rasmi uliotolewa mwaka 2004 ulibaini kwamba Polisi wa eneo alilotoka mtu huyo walikuwa wamepata kusikia tuhuma nyingi dhidi yake, lakini taarifa hizo hazikutunzwa wala kuifikia shule iliyomwajiri. Nchi hiyo ikabadili sheria zake mwaka 2006. Shule zinazoiga vitabu vya huko, sare za huko na lafudhi ya huko, zingefaa kuiga na wajibu huu. Mfano huo unaonyesha pia kwamba taarifa inapaswa kwenda njia mbili, kutoka shuleni kwenda Polisi, na kutoka Polisi kwenda shuleni.

Wenye shule wana hoja zao, nazo zinastahili kujibiwa. Hoja ya kwanza ni jina la shule. Wanasema kwamba gari la Polisi likionekana getini, wazazi watahamisha watoto. Hofu hiyo inatokana na utaratibu wa sasa, ambapo shule mwaminifu inayoripoti huonekana mbaya na shule inayoficha huonekana safi. Wajibu ukiwa wa lazima kwa wote, na ukikaguliwa kwa wote, shule inayoripoti itakuwa ile inayofanya kazi yake. Mzazi mwenye akili atamkimbia mfichaji.

Hoja ya pili ni usiri. Wamegundua kwamba ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sasa wanaishika kama ngao. Sheria hiyo ilitungwa kumlinda mwananchi dhidi ya wanaochezea taarifa zake. Haikutungwa kumlinda mtuhumiwa wa unajisi dhidi ya kituo cha Polisi, wala haizuii taarifa inayotakiwa kisheria kwa ajili ya kuzuia na kuchunguza uhalifu. Mtoto ndiye mwenye taarifa zile, na usiri ni haki yake. Anayeutumia usiri huo kumnyima haki amemwibia mara mbili.

Hoja ya tatu ina uzito zaidi, nayo inawahusu Polisi wenyewe. Wako wakuu wa shule wanaosema kwamba walipopeleka taarifa, habari zilimrudia mtuhumiwa kabla ya jioni, au mtoto alihojiwa mbele ya watu kaunta, au jalada lilikaa mwaka mzima bila kusogea. Malalamiko haya hayawezi kupuuzwa. Madawati ya Jinsia na Watoto yalianzishwa katika vituo vya Polisi ili kuondoa mambo hayohayo, na wakaguzi wa Polisi wamepelekwa katika kata ili wananchi wamjue askari wao kwa jina. Askari anayeuza taarifa ya mtoto kwa mwenye shule ni mshirika wa uhalifu na anastahili kushughulikiwa hivyo. Lakini ubovu wa askari mmoja hauwezi kuwa ruhusa ya kila mwenye shule kujifanya mkuu wa kituo. Dawa ya kituo kibovu ni kukisafisha.

Taifa hili linayo mazoea yake katika jambo hili. Tangu miaka ya 1960 balozi wa nyumba kumi alitakiwa kumjua kila aliyelala katika nyumba zake, na mwananchi aliyepokea mgeni alipiga hodi kwa balozi bila kuona kwamba amedhalilishwa. Ni ajabu basi kwamba mkulima wa Poli au Nkoaranga alitakiwa kueleza habari za mgeni mmoja, huku taasisi yenye watoto 500, walinzi, wapishi na madereva kutoka kila pembe ikiachwa kama kisiwa. Mwaka 1967 Azimio lililotangazwa katika mji huu wa Arusha, na Elimu ya Kujitegemea iliyofuata, vilisisitiza kwamba shule ni sehemu ya jamii inayoizunguka. Baadaye Serikali ilipofungua milango kwa shule za binafsi, iligawana na watu binafsi mzigo wa kufundisha. Haikuwauzia mamlaka ya kuamua kosa lipi ni la jinai na lipi ni la kusameheana.

Yanayotakiwa sasa si mengi wala si magumu. Kwanza, wajibu wa kuripoti uwekwe kuwa sharti la usajili wa shule, ili anayeficha kosa dhidi ya mtoto ajue kwamba anahatarisha cheti chake. Pili, kila shule iwe na daftari la matukio lenye kurasa zilizohesabiwa, litakalokaguliwa na wadhibiti ubora wa shule kama wanavyokagua maandalio ya masomo, na taarifa ya kila tukio ifike kituoni siku hiyohiyo, na nakala ziende kwa Afisa Ustawi wa Jamii na Afisa Elimu. Tatu, orodha za watoto wa bweni, wafanyakazi na magari zipelekwe kwa mkaguzi wa Polisi wa kata kila muhula unapofunguliwa. Nne, Polisi wawajibike kuijibu shule kwa maandishi, wamhoji mtoto mahali pa faragha mbele ya mtu anayemwamini, na wailete shuleni habari ya mtu hatari anayeomba kazi.

Serikali haijashindwa kutoa maagizo kwa shule za binafsi pale ilipoamua. Machi 2023 Waraka wa Elimu Namba 2 ulizuia huduma ya bweni kwa watoto wa chini ya darasa la tano, na shule za binafsi, ambazo ndizo zilizokuwa na mabweni mengi ya watoto wadogo, zilipaswa kutii. Ikiwa waraka mmoja unaweza kusema mtoto alale wapi, waraka mwingine unaweza kusema akidhuriwa nani aambiwe.

Hata hivyo waraka hauandiki ripoti wenyewe. Kuna mwalimu wa shule ya binafsi ambaye anajua, na ananyamaza kwa kuogopa kupoteza ajira yake. Huyo aelezwe kwamba Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 ilitungwa kwa ajili ya mtu kama yeye, na kwamba simu ya mtoto, namba 116, hupigwa bure. Kuna pia mtumishi wa umma anayekwenda kukagua shule, akapewa chai, bahasha na mafuta ya gari, akaandika kwamba mazingira ni ya kuridhisha. Huyo hana hofu ya kujitetea nayo. Anakula mshahara wa wananchi ili awe macho yao, kisha anayafumba macho hayo kwa bei.

Wenye shule watapinga, kama walivyopinga kila sharti lililopunguza uhuru wao wa biashara. Wapinge, lakini wapinge mbele ya wazazi, waseme waziwazi ni kosa gani dhidi ya mtoto ambalo wanataka haki ya kulificha. Na Kamati ya Usalama ya kila wilaya, kuanzia Arusha hadi Meru, iwaulize wenye shule swali moja kabla muhula ujao haujafunguliwa: mara ya mwisho mlikwenda kituoni lini?